Pumzi Nyuma Yangu

Kamembe, 9 Machi 1997

Kaka yangu mpendwa Munyemana,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini dereva atakayekukabidhi barua hii atakukuta Butare ukiwa mzima, wewe, shemeji na mtoto. Huku hatujambo. Maman analalamikia magoti, ila kwenda sokoni haachi.

Nimerudi mazoezini kwa ajili ya mashindano ya Pasaka. Tangu vita vya Bukavu vianze hatukuwa tumekimbia, na mapumziko yale yamenimaliza. Mlima niliokuwa naupanda nikipiga soga, sasa ulinitoa machozi. Mwalimu wetu Damascène alisema mwili hauweki akiba, akanianzisha upya, polepole kama mgonjwa.

Unajua anavyotukimbiza wawili wawili. Wa mbele hageuki, anasikiliza pumzi ya mwenzake. “Wa nyuma akipata nguvu atapita, na weye utamufuata kwenye anaenda,” ndivyo anavyotuambia. Mimi na dada yetu Drocella tulikuwa jozi, hadi alipovuka mpaka kwenda Bukavu kumleta bibi yetu, vita vikamkuta ng'ambo. Sasa nakimbia peke yangu. Lakini kaka, tangu siku ya kwanza nasikia pumzi yake nyuma yangu, na ule mluzi wake mwembamba wa puani. Sikugeuka.

Damascène anasema ni uchovu. Maman hataki kusikia, ameshaomba Drocella asomewe misa ya marehemu Jumamosi. Nami ningekubali, ila pumzi ile mwanzoni ilihema vibaya kuliko yangu, ikawa inaachwa mlimani, na kila wiki inapata nguvu kidogo. Maiti hapotezi pumzi kwa kupumzika, kaka. Hiyo ni pumzi ya mtu aliyekaa amejificha muda mrefu, na sasa ameanza kutembea.

Hili sijamwambia mtu. Jana ilinipita. Sikuona kitu, nilihisi upepo tu begani, kisha nikaisikia mbele, ikiteremka kuelekea mpakani, kwenye daraja la Rusizi ya Pili. Niliogopa, nikasimama, nikalia kwa aibu. Kesho sitasimama, nitaifuata. Njoo kabla ya Jumamosi umzuie Maman, mimi hanisikii.

Msalimie shemeji na umbusu mtoto. Drocella nitampa salamu zako mimi mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Isimbi