Mpira Mweusi wa Petroli

Isingiro, 6 Juni 1955

Kaka Byarugaba,

Shikamoo. Huku tu wazima, watoto wamepona kikohozi na migomba imezaa hata tunaitafutia miti ya kuiegemeza. Na wewe, mafua ya ziwani yamekuacha?

Barua hii ni ya shemeji yako, mimi ni mkono tu. Rwezaura kakaa kwenye kigoda ananitazama kama karani wake, maana unajua yeye na herufi hawajawahi kusalimiana. Anasema mpira unaoteremsha petroli kutoka kwenye tangi la mashine ya boti kwenda kwenye kabureta umepasuka kama kisigino cha mkulima. Kila akikata sehemu mbovu unazidi kuwa mfupi, na sasa haufiki. Nimekufungia kipande uone unene wake. Kwa kuwa unafanya kazi kwenye vipuri, anakuomba umchagulie ulio bora. Mto Kagera hauna huruma, na msimu huu wa kahawa wanaovuka ni wengi.

Mama mkwe anataka kwenda ng'ambo kumwona kaka yake mgonjwa. Kila asubuhi ananiuliza mimi habari za mashine, utadhani ndimi niliyeiharibu. Nimezoea.

Mdogo wako,
Placidia

Bukoba, 15 Juni 1955

Mdogo wangu Placidia,

Marahaba. Nimefurahi watoto wamepona. Mafua yamehamia kwa tajiri wangu, kwa hiyo wiki hii tunapumua.

Mwambie shemeji, muramu wangu, kipande nimekipokea. Dukani tuna mipira miwili inayoingia kwenye mdomo huohuo. Mwekundu ni laini, unapindika vizuri, na wengi wanaukimbilia kwa sababu hiyo. Huo ni wa maji. Petroli inauvimbisha, halafu unaanza kumenyeka kwa ndani. Mweusi ni mgumu, una kitambaa katikati ya ngozi zake, na ndio wa petroli. Nimemkatia mweusi, kwenye roli jipya la mpira lililoshuka melini juzi, nikauchungulia nikaona mwanga upande wa pili.

Achovye ncha kwenye maji ya moto ndipo auvike. Afunge kwa vibano nilivyoweka, si kwa kamba ya mgomba kama ninavyomjua. Auache ulegee kidogo, usipinde ghafla wala kugusa bomba la moshi. Na hili alisikie vizuri: chujio liko ndani ya tangi, yaani juu ya mpira. Uchafu ukiingia ndani ya mpira wenyewe hakuna cha kuuzuia, unashuka moja kwa moja kwenye kabureta, na tundu la mle ni dogo kuliko la sindano. Nimeziba ncha zote mbili kwa karatasi. Asizifungue mpaka siku ya kuufunga.

Mzigo anao Yustus, dereva wa basi la Omurushaka. Mama mkwe msalimie, umvumilie.

Kaka yako,
Byarugaba

Isingiro, 19 Julai 1955

Byarugaba,

Naandika maneno ya Rwezaura kama anavyoyatamka. Amenikataza kuweka salamu.

Mama yangu Kemilembe amekufa. Nilifunga mpira wako kwa maji ya moto na kwa vibano vyako, kama ulivyoagiza. Mashine iliwaka vizuri, nikakusifu mbele ya abiria. Tulipofika katikati ya mto ikakohoa ikazimika. Nilivuta kamba mpaka mkono ukatoka damu. Maji yalitubeba, tukagonga mwamba, boti ikalala ubavu. Wengine walishika mafunjo. Mama alikuwa mzee, hakushika kitu. Tulimpata baada ya siku mbili, na jinsi alivyokuwa sitakwambia.

Nilifungua kabureta nikakuta punjepunje. Mpira wako ulikuwa umeoza ndani. Wewe ulisema umeuchungulia. Ulichungulia nini? Ulimpa shemeji yako takataka ya dukani kwa sababu ni mtu wa shamba, hajui kusoma. Nimempa Yustus mpira huo akurudishie. Ukae nao, uutazame kila siku. Kama una la kujibu, jibu. Na usiniite tena muramu.

Rwezaura, kwa dole gumba.

Aliyeandika ni mkewe.

Bukoba, 28 Julai 1955

Mdogo wangu Placidia,

Pole sana. Nimelia kwa ajili ya yule mama, ingawa hakuwahi kunipenda. Barua hii ni yako peke yako. Kama Rwezaura yuko karibu, ifiche kwanza.

Mpira nimeupokea, nikaupasua kwa wembe toka mwanzo hadi mwisho. Ngozi ya ndani inang'aa kama siku nilipoukata. Haukuoza, haukumenyeka. Lakini pale unapopinda nimekuta ganda la kitu kilichokaukia. Nimekisugua kwenye kiganja. Ni mtama, Placidia. Mtama uliokaangwa ukasagwa, ule wa kuchachushia pombe ya rubisi.

Huku dukani hatupiki pombe. Mpira ulitoka kwangu umezibwa ncha zote. Nani alizifungua? Niambie ukweli, maana mumeo ananiita muuaji na mimi nina haki ya kujua kwa nini.

Kaka yako,
Byarugaba

Isingiro, 9 Agosti 1955

Kaka,

Shikamoo. Siulizi hali yako, najua nimeiharibu.

Ni mimi. Mpira ulipofika Rwezaura alikuwa amekwenda Omurushaka kutafuta petroli. Siku ya pili yake pombe ya ndizi ilikuwa kwenye hori, imefunikwa kwa majani. Unazijua desturi zetu: hori halifunguliwi mpaka mwenye nyumba alifungue mwenyewe na kibuyu cha kwanza kipelekwe kwa mkuu. Tena mwanamke halisogelei kabisa. Mama mkwe akasema haendi kwa kaka yake mikono mitupu, nimtolee kibuyu kimoja. Nikakataa. Akasema mkwe asiyemsikia mama wa mumewe arudi kwao. Ningekoroga yale majani, Rwezaura angejua. Ndipo nikaukumbuka mpira. Niliupenyeza pembeni ya majani, nikavuta kwa mdomo, rubisi ikashuka kibuyuni na hakuna jani lililosogea. Nikausuuza kwa maji, nikauanika, nikarudisha karatasi zako kwenye ncha. Onyo lako nilikuwa nimelisoma mwenyewe, na mume wangu aliporudi nikamsomea kwa sauti. Niliona maji yakitoka meupe nikadhani yametosha.

Kibuyu kilielea. Wavuvi walikileta hapa siku ya msiba, Rwezaura akauliza ni cha nani. Niliinuka nikaenda kuchochea moto.

Barua yako aliiona, akataka nimsomee. Nilimsomea mambo ambayo hukuyaandika. Nilimwambia umekubali kwamba mpira ulikuwa mbovu. Nisamehe, watoto walikuwepo. Lakini hakuridhika. Anasema anataka barua nyingine, iandikwe kwake mwenyewe, aisomewe na katekista Protase. Anasema ukikana, basi mpira uliharibiwa humu ndani, na siku zile yeye hakuwepo, humu ndani tulikuwa wawili, mimi na mama yake, na mmoja amekufa. Atanirudisha kwa baba na watoto atabaki nao. Ukikiri nitabaki, lakini wewe hutakanyaga hapa, wala barua yako haitaingia, wala yangu haitatoka.

Kaka, najua ninachokuomba. Mdogo kabisa bado ananyonya.

Placidia wako

Bukoba, 20 Agosti 1955

Placidia,

Hapana.

Kazi yangu hapa ni kuchagua. Mtu anakuja na kipande kilichooza, ananiamini, nami namtafutia kinachofaa. Sina shamba, sina ng'ombe, nina jina hilo tu. Sasa niandike kwa mkono wangu kwamba nilimuua mama wa watu kwa uzembe, isomwe na katekista, Jumapili iwe imefika Ihanda kwa baba? Na tajiri wangu akiisikia?

Umenisingizia mbele ya mumeo kwa kutumia barua yangu mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko matusi yake. Mwambie ukweli. Mweleze kwamba aliyeagiza ni mama yake. Mumeo ni mtu mkali, lakini si mnyama. Ukishindwa, mwite Protase akusaidie kusema, si kunisomea mimi hukumu.

Nimekasirika mno, naishia hapa.

Kaka yako,
Byarugaba

Bukoba, 2 Oktoba 1955

Kwa Rwezaura, Isingiro. Isomwe na katekista Protase.

Nakusalimu, na nyumba yako yote, na nakupa pole ambayo nilipaswa kukupa tangu Julai.

Yustus ameniambia kwamba ulipoikosa barua yangu ulimrudisha Placidia Ihanda kwa baba yetu mwezi uliopita, kwamba alifika na kifurushi kimoja, na kwamba hali chakula. Ameniambia pia mtoto mdogo anapewa maziwa ya ng'ombe na hayamkai tumboni.

Mpira niliokuletea haukuwa wa roli jipya. Roli jipya lilikuwa juu kabatini, nami nilikuwa na haraka, nikakata kwenye kipande cha zamani kilichokaa dirishani kikipigwa na jua. Nje kilionekana kizima. Ndani kilikuwa kimekauka, na petroli ilipopita kikaanza kubomoka, ndizo punje ulizoziona. Sikukichungulia. Niliandika kwamba nimekichungulia kwa sababu ndivyo tunavyowaandikia wateja. Nilipoletewa mpira niliupasua nikaliona kosa langu, nikaogopa kukuandikia wewe mwenyewe, nikamkiria mkeo tu. Unaweza kuipeleka karatasi hii barazani kwa mkuu, na tajiri wangu nimeshamweleza mwenyewe. Kuanzia kesho sina kazi.

Nimesikia masharti yako na nimeyakubali. Sitakuja Isingiro, wala sitaandika tena.

Kamchukue mkeo kabla mtoto hajadhoofika. Hakuficha kitu. Ulichosema aliniandikia, na nilichoandika alikusomea.

Byarugaba