Namna Nilijifunza Kuogesha Mutoto Yako

Mususa, Butembo
Tarehe 16, mwezi wa tisa, 2001

Mupendwa mwana yangu Josaphat,

Wabukire. Kwanza afya. Mwili yako iko namna gani kule Kampala? Tumbo inakubali chakula ya Baganda? Unalala vizuri? Mimi baba yako ningali nahema. Magoti inalia kama mulango ya sakristia, meno imebakia ya kucheka tu, mais kikohozi ya mwezi wa saba iliniacha, ikaenda ku jirani. Dada yako Léa, kule Beni, naye iko muzima na batoto yake yote. Kakao yao iliibiwa ingali ku miti, lakini bo wenyewe hawakuibiwa, donc tunashukuru.

Hii Swahili ni ya mapadri, nilisoma mpaka mwaka wa nne, kisha mwalimu akachoka na mimi. Kosa ukiikuta, iache pale.

Sasa habari. Nakuandikia juu ya mutoto yako, namna mambo yake iliisha. Hii njo maana ya barua, ingine yote ni chumvi.

Unamukumbuka, ule mutoto? Alikuwa mu tumbo ya muke yako Bénie siku ulipanda lori ya Esdras, ukasema unaenda kununua bitenge, utarudi mbele ya mvua. Mvua ilinyesha, Josaphat. Ilinyesha, ikaisha, ikanyesha tena.

Barua ya kwanza nilikupa habari yote. Kama haikufika, njo hivi: masasi ya bunduki ililia kwetu Kalunguta asubuhi moja, tukakimbia na vile tulikuwa tumevaa. Bénie alizaa njiani, mu shamba ya ndizi ya mutu hatumujui. Alifika Butembo juu ya mugongo ya bajirani, damu ingali inatoka, na ku dispensaire alikufa. Tulimuzika hapa, mu udongo ya batu bengine. Kalunguta siwezi kurudi. Basoda na bunduki yao balilala mu nyumba yetu, bakakula mbuzi, bakamaliza hata maharagi ya mbegu. Nasikia sasa banalia njaa. Pole yao.

Mutoto, mwanaume, infirmière wa dispensaire alimupeleka ku nyumba ya kulea batoto bachanga, ile ya bamama ba Protestanti hapa Mususa. Mimi Mukatoliki tangu maji ya kichwa! Mais mutoto mwenye njaa hana dini, anajua biberon ya maziwa tu.

Mpaka Pasaka nilikungoja. Kila Siku ya Mungu, kisha misa, nilienda kumuangalia ku dirisha, juu banaume hawaingie mu chumba ya batoto. Nilikuwa natoa ulimi nje, yeye anatoa yake. Njo mazungumzo yetu ya mwaka muzima.

Kisha Pasaka nikaona ile ulimi inakua bila baba. Nikaingia ku bureau ya Mama Tamar, mukubwa wa ile nyumba. Ni mwanamuke mwenye hacheke mpaka Noël, na hata pale anacheka kidogo. Akanieleza sheria yao: mutoto anatoka pale akibebwa na mutu wa jamaa mwenye balimufunza bo wenyewe, na mbele ya baba, ao mutu mwenye baba alituma kwa kinywa yake.

— Kwa nini hivyo? niliuliza.

— Juu bale tulitoa bure-bure, muzee, tulibazika. Lete mwanamuke wa jamaa, tumufunze.

Mwanamuke gani? Mama yako alikufa. Léa iko na batoto kama kuku, na njia ya Beni inakata batu. Bénie ni vile nilisema.

— Ule mwanamuke iko mbele yako, nikajibu.

— Unajua kuogesha mutoto?

— Nilizaa batano.

— Sikuuliza kuzaa.

Hapana kucheka, Josaphat. Ao cheka, hapa bote balicheka. Baba yako Kahongya Stanislas, mwenye alilima mpaka mugongo ikajikunja, akaingia stagiaire, mwanafunzi wa kazi, mu nyumba ya batoto bachanga, pamoja na babinti benye mama zao ningeweza kubaoa. Balinivalisha tablier ya maua, aproni ya bamama. Kila asubuhi Mama Tamar alikuwa ananusa kinywa yangu kama mbwa wa douane ku mupaka ya Kasindi, kuona kama nilionja kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nilikuwa natafuna majani ya limau. Alijua. Siku moja aliniambia: «Muzee, leo limau yako imelewa.»

Mwenye alitufunza ni Providence, binti wa Beni, mukali kama pilipili ya huko. Siku ya kwanza nilitia mukono mu basini, nikasema maji ni muzuri. Yeye akatia kiwiko, akapiga kelele: «Sokulu! Wewe babu, unataka kupika mutoto ao kumuogesha?» Njo nilijifunza kama mukono yangu imekufa, Josaphat. Jembe ilikula ngozi yote, haisikie tena moto. Tangu ile siku napima na kiwiko, kama vile muchanga wa kazi.

Nilijifunza kupika bouillie, uji ya soya na mahindi, isishike chini. Nilijifunza kumushika mutoto kichwa, kumupiga mugongo pole-pole mpaka acheue, kukunja lange, nguo ya mukojo. Nilijifunza kama mutoto mwenye kulia haimaanishe ni njaa; saa ingine analia juu jirani yake analia, kama ku kilio. Batoto wa kiume bote balinikojolea, mumoja nyuma ya mwingine, kama vile balipanga.

Njia ya kubalalisha, niliitafuta mwenyewe. Bo banaimbaka nyimbo za kitabu yao, ndefu, batoto banaangalia tu. Mimi nikaimba Kilatini ya misa ya zamani, ile sijue maana. Balilala mbio. Mama Tamar alisema ni mambo ya Roma, lakini akanyamaza, juu batoto bakilala naye analala.

Nikitoka nje na mutoto ku mugongo, kitenge imefungwa kifuani, Jéthro rafiki yangu wa kasiksi alikuwa anasimama ku barabara na kupiga kelele:

— Mama Stanislas! Maziwa ilishuka?

— Ilishuka, leta mudomo.

Bamama ba soko balikaa chini juu ya kucheka. Sikuona haya. Haya niliiacha Kalunguta pamoja na mbuzi.

Sasa sikia mambo ya jina, juu pale njo vita yangu ilianza.

Wewe ni Munande, sina haja ya kukufunza: mwanaume wa kwanza wa mama ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Bon. Ku ile nyumba, batoto balifika na barabara, mama zao hawajulikane. Bale bamama bafanye namna gani? Balibahesabia kama vile nyumba yenyewe njo inazaa. Mwanaume wa kwanza kuletwa bakamwita Paluku. Mwenye kufuata, Kambale. Mutoto wa Bénie alifika wa sita. Alikuwa hata hajafungua macho vizuri, na alisha kuwa Mbusa!

Nilikasirika sana. Nikaenda bureau na tablier yangu ya maua.

— Mama Tamar, ule ni Mumbere. Bénie hakuzaa mwingine mbele yake. Mukimwita Mbusa, batu batauliza bakubwa bake batano biko wapi.

— Biko pale, banakula bouillie.

— Iko na baba yake!

— Wapi?

— Kampala.

— Muzee, siku ule baba atasimama hapa, ao atatuma mutu wa kusema «huyu ni wangu», siku ile ile tutamwita Mumbere mbele ya kanisa yote. Kwa leo, mwenye alimuzaa ni hii nyumba, na hii nyumba ilitangulia kuzaa batano.

Nilirudi ku basini. Lakini kila nikimuogesha, nilikuwa namwambia ku sikio: Mumbere, Mumbere, Mumbere. Mwezi muzima, miezi mingine. Alianza kutembea. Siku moja niko pembeni ya uwanja, namwita: «Mumbere! Kuya kwa Sokulu!» Hakugeuza hata kichwa. Providence akaita mara moja: «Mbusa!» Akakimbia kwake, anaanguka, anainuka, anacheka. Nikasema jua iliniingia mu macho. Ilikuwa mawingu.

Kisha Esdras akaleta neno yako. Sitaisahau: «Papa angoje. Siku atamaliza stage, nitakuwa pale, mimi mwenyewe ao mutu na neno yangu.» Josaphat, nilimunywesha Esdras kasiksi mpaka akalala ku kiti. Nikaambia Mama Tamar. Nikaambia Jéthro, donc Mususa yote ikajua.

Siku ya kumaliza ilikuwa tarehe nane ya huu mwezi. Nilinyoa. Nikaazima koti ya Jéthro, ile ya mazishi. Nikaenda kungoja ku parking ya malori ya Kasindi. Lori ya Esdras ikafika na matope mpaka ku vioo. Esdras akashuka peke yake. Hakuniangalia. Akanipa kifurushi.

— Josaphat anakusalimia, Papa. Kazi ni mingi.

— Na neno?

— Alisema tu nikupe hii.

Nikafungua pale pale. Gauni, Josaphat. Gauni ya rose, rangi ya babinti, na dentelle ya tundu-tundu ku shingo, na ki-ruban ya kufunga nyuma.

Nilikuandikia ni mwanaume. Nilikuandikia mara tatu. Ao barua yangu hausome, ao unasoma na unasahau, ao ule mwanamuke wa kwako njo alichagua na hukumwambia ni nini umezaa. Esdras alisema uko mu bolingo, mapenzi, na binti ya Kampala, hata kiboko haiwezi kukutoa mule. Sina neno na bolingo, mimi naye nilikuwa kijana. Mais mutu anaweza kupenda na kukumbuka mutoto yake iko na nini mu suruali.

Nikaingia kanisani kwa bale bamama, pale stage inamalizika, na ile gauni chini ya koti. Bamama bote biko, batoto biko. Sisi stagiaires, kila mutu anaogesha mutoto mbele ya batu. Bakanipa wetu. Nikapima maji na kiwiko. Nikamusafisha masikio, mu mikunjo ya shingo, mpaka ku vidole. Hakulia. Bamama balipiga mikono, na Providence mwenyewe, ule pilipili, akasema: «Sokulu, iko muzuri.»

Kisha Mama Tamar akasimama.

— Nani anasema kwa kinywa ya baba?

Ku dirisha, Jéthro akanong'ona kwa ile sauti yake yenye inasikilika mpaka Beni: «Sema alikutuma! Nani atajua?»

Mimi ningejua. Nikasema: «Baba hakutuma mutu. Alituma gauni.» Nikaitoa chini ya koti, nikaionyesha. Hakuna mwenye alicheka, na wewe unajua ni kanisa gani hii, banacheka hata nikipiga chafya.

Mama Tamar akanikaribia. Akasema: «Muzee Stanislas, leo nitavunja sheria. Ulifundishwa, ulijua. Mubebe. Mwite Mumbere, nenda naye.»

Ile neno njo niliingoja tangu Pasaka. Nilikuwa naye ku mikono, angali analowana, ananishika ndevu. Na nikawaza chumba yangu: kitanda moja, sufuria moja, muzee moja. Mumbere ni wa kwanza. Wa kwanza anahitaji baba mbele yake. Mimi niko na miaka ingapi ingine? Siku nitakufa, atakuwa wa kwanza na wa mwisho, na hakuna mutu katikati. Chini, ku mukeka, ule Katembo, mukubwa wake wa miaka mbili, alikuwa anamunyooshea kipande ya ndizi, ilisha tafunwa nusu, anasema: «Mbusa, Mbusa, kula.»

Nikasema: «Mama, mutoto abakie. Na jina, iache vile iko.»

Njo vile iliisha. Gauni tulivalisha kabinti kamoja kenye kalifika wiki iliyopita, kanaipendeza. Mimi tangu Jumatatu niko mufanyakazi wa kuogesha, mwanaume peke yangu, tablier ileile. Kasiksi balinikatalia kabisa. Hii njo msalaba yangu kubwa, usiwaze ni wewe.

Unisalimie binamu yako Gamaliel. Mwambie mama yake anauliza kama alisahau kuandika ao alikatwa mikono. Salimia ule binti pia, jina yake hukuniandikia. Mwambie alishona gauni muzuri ao alinunua muzuri. Léa na bwana yake banakusalimia. Providence anakusalimia, na salamu yake sitaiandika, mimi ni Mukristu.

Mungu akulinde na njia, na basoda, na wewe mwenyewe.

Na ukikuja siku moja, Josaphat, hapana kuuliza Mumbere. Ku ile nyumba hakuna mutu wa ile jina. Bisha mulango, sema unatafuta Mbusa, mudogo wa Katembo. Bakubwa bake batakuuliza wewe ni nani. Fikiri jibu njiani, ni safari ndefu.

Ni mimi baba yako, mwenye anakupenda na anakasirika,

Kahongya Stanislas