Mate ya Bibi wa Ngaramtoni

Alhamisi, nyumbani Sakina. Baridi ya Julai haina adabu. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, na mimi nimejifunika kitenge juu ya sweta kama mgonjwa.

Nimemkumbuka Eliya.

Eliya ni mdogo wangu. Alikwenda machimboni Mererani, pombe ya gongo ikamshika hukohuko, na sasa simu yake haipatikani. Watu wakiniuliza kwa nini nasomea uraibu, nawajibu mambo ya vinasaba na ubongo. Jibu la kweli ni yeye. Tulilelewa nyumba moja, mbege ya babu, pombe ya ndizi, tukaionja kwenye kata moja, mimi nikaacha, yeye akashindwa. Nataka kujua kwa nini. Halafu nataka arudi. Hasa arudi.

Leo tulikuwa gulioni Ngaramtoni tukikusanya mate ya watu waliotekwa na pombe, pamoja na ndugu zao, maana vinasaba tunavipata humo. Akaja bibi mmoja wa Kiarusha ambaye mwanawe anakunywa mpaka anauza mbuzi wa nyumbani. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote kwa Kiswahili changu cha semina, nikamkabidhi kichupa na kumwomba ateme mate.

Akakiweka kichupa mezani. Akanishika mikono, akaitemea.

Wenzangu waliotoka Dar wakaruka. Mimi nimekulia huku, najua kwamba mzee akikutemea mate anakubariki. Ila nilikuwa nimevaa glavu, na bibi akaziangalia kama mtu aliyefungiwa mlango. Nikazivua. Kanuni zetu zinakataza kabisa, najua, msinisute. Akatema tena, safari hii kwenye kiganja chenyewe cha kulia, akasema taratibu:

"Umrudishe mwanangu."

Nilitaka kumwambia kwamba utafiti haurudishi mtu, na majibu yenyewe huchukua miaka. Badala yake nikaitikia amina, maana hata mimi naomba hilohilo kila siku. Baada ya hapo akakichukua kichupa na kukijaza vizuri, bila usumbufu wowote.

Jioni nimekula ugali kwa kijiko. Mama angeniona angesema siku hizi najifanya Mzungu. Kumbe mkono wa kulia sijaunawa tu.

Nimeutumia kubonyeza namba ya Eliya. Yule dada wa kwenye simu akanijibu yaleyale ya siku zote.

Nitampigia tena asubuhi, kabla sijanawa.