Kiota Nilichokinyamazia

Pito, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuona umekaa kwenye kile kigoda chako karibu na kichanja cha dagaa, unaisoma hii huku ukifukuza kunguru. Mgongo unaendeleaje? Na mdogo wangu Deo, ameacha kukohoa? Mimi mwilini sijambo. Mama mkubwa na Baba mkubwa nao wazima, isipokuwa mkono wa Mama mkubwa, na huo ndio umefanya nishike kalamu. Kwa simu siwezi. Dada yako simu yake anaiweka spika, nyumba nzima inasikia. Ukiniuliza "vipi huko?" nasema "kuzuri", basi, nanyamaza. Unanijua.

Mama, tuna madondola. Wale nyigu wakubwa weusi, urefu wa kidole cha mwisho cha Deo. Wamejenga kwenye paa la kihenge cha ulezi, upande wa ndani, juu kabisa ya mlango wa kuchotea. Kiota kina rangi ya mfuko wa saruji na kimekuwa kikubwa kama debe. Ukisimama jikoni unawasikia wakinguruma. Kinu tumekihamishia nyuma ya nyumba, maana mchi ukigonga wanatoka. Mchana tunakula tumefunga mlango. Kwenda chooni tunazungukia kwenye kabeji. Hata kuku wameacha kulala chini ya kihenge.

Baba mkubwa alimwita jirani yetu, Mzee Pius, yule aliyewahi kurina asali. Alizunguka kihenge kwa mbali, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Ukiwachoma moto, paa ni nyasi. Mtakula majivu ya ulezi," akasema.

"Na nikipuliza dawa ya mahindi?" Baba mkubwa akauliza.

"Puliza. Halafu pika uji, uwaite na majirani, tufe wote kwa pamoja."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Skola ana miguu mirefu. Akimbie yeye kwanza, wamfuate, sisi tubaki tunahamisha ulezi."

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Alipoondoka hakuna kilichofanyika. Ndivyo ilivyo mpaka leo: wanasema tusubiri mvua, labda madondola watahama.

Wiki iliyopita Mama mkubwa alikwenda kuchota ulezi asubuhi na mapema, bado baridi, akidhani wamelala. Wawili walimng'ata mkono, mmoja kichwani. Mkono ulivimba ukawa kama andazi, na pete ya ndoa ikazama kwenye nyama. Baba mkubwa alihangaika na sabuni na uzi karibu saa nzima mpaka ikatoka. Mama mkubwa hakulia kwa maumivu. Alilia alipoiona imekaa kwenye kisahani. Alisema tangu siku ile kanisani haijawahi kutoka.

Kisha akaniangalia. "Usimwandikie mama yako mambo haya. Atasema namtesea mtoto. Na Deo atakuja Januari kama tulivyopanga. Mtoto wa kiume, atazoea."

Mama, Deo hawezi kuzoea. Unakumbuka nyuki mmoja tu alivyomfanya, macho yakaziba, pumzi ikapiga filimbi, ukambeba mbio mpaka zahanati na kiatu kimoja. Nilijaribu kumwambia Mama mkubwa. Nilianza, "Mama mkubwa, Deo akiumwa na nyuki..." Akasema, "Ee, Skola?" Nikasema nakwenda kuteka maji.

Sasa nakuambia lile ambalo sijalisema hata kwa padre. Mwezi wa tano, kabla ulezi haujaingizwa, mimi ndiye niliyetumwa kufagia kihenge, kwa sababu ndiye ninayepita kwenye ule mlango. Niliambiwa nikague na paa. Nikakiona. Kilikuwa sawa na ngumi ya mtoto, na madondola watano hivi wametulia juu yake. Fimbo moja ingetosha. Niliogopa, nikateremka. Baba mkubwa akauliza, "Pako safi?" Nikasema, "Pako safi." Wakamwaga ulezi wote wa mwaka.

Shuleni tulichora mdudu, kichwa, kifua na tumbo, na majina yote kwa Kiingereza. Nilipata alama zote, mwalimu akaonyesha daftari langu darasa zima. Lakini kusema maneno mawili, "kuna kiota", kwa Kiswahili, kwa watu wanaonilisha, nilishindwa.

Usiku ule wa pete Baba mkubwa aliniuliza taratibu, "Skola, siku ile ulipofagia hukuona kitu?" Nikasema hapana. Sasa ni mara mbili.

Tangu hapo mimi ndiye ninayechota ulezi. Navaa koti la mvua la Baba mkubwa, najifunga kanga usoni, naingiza mkono polepole, nao wako juu yangu shibiri moja hivi. Nimeng'atwa mara moja tu, begani, sikumwambia mtu. Kila nikirudi Mama mkubwa ananisifu, "Mtoto huyu ana moyo, Mungu akubariki." Nami nasema amina. Mama, ile amina ni mbaya kuliko bega.

Usimlete Deo. Najua nafasi yake ya shule huku imeshapatikana, na najua dada yako atakasirika na atajua nimeandika. Akasirike. Sijui nitamwambiaje yale mengine. Kila asubuhi najiambia leo, halafu wananipa bakuli la uji.

Barua nampa yule mama muuza samaki, wa migebuka, anayeshuka huko nyumbani Wampembe kesho. Msalimie babu mshona nyavu, na shangazi wa dukani, na katekista wetu mwambie bado naimba, ila mstari wa nyuma.

Deo nilimwahidi kumfundisha baiskeli huku, na kitandani nimeshaanza kulala upande mmoja ili nizoee. Atalia. Akikuuliza nani kakataa asije, usiseme madondola, maana atataka kuja kuwaona. Mwambie ni dada yake. Atanichukia kidogo, lakini hapo hutakuwa umemdanganya.

Mwanao mwoga,
Skola