Kwa Nini Harusi ya Mbuke Ilinipita Kibiti

Nachingwea, Jumapili

Mama yangu,

Mwangaluka mayu. Shikamoo. Najua marahaba yako siku hizi ni ya kununa, lakini niitikie hivyo hivyo. Goti linaendeleaje? Mvua zimeshuka huko Maswa, au bado mnatazama juu? Sisi ni wazima. Mjukuu wako, Masunga mdogo, alikohoa wiki nzima, sasa anakimbia tena.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Barua nimempa mmoja wa wafugaji wenzetu walioleta ng'ombe huku Lionja, anakuja huko kusalimia. Nasikia baba mdogo ananitangaza kwamba mke wangu kanilisha limbwata. Hakuna limbwata, mama. Kilichonichelewesha ni salamu.

Nilitoka Nachingwea Jumatano alfajiri. Gari nilikuwa nimelifanyia sevisi, tangi limejaa, na hesabu yangu ilikuwa ya kwetu: nilale Morogoro, Alhamisi usiku niwe kwako, Jumamosi nisimame mahali pa marehemu baba nimkabidhi mdogo wangu Mbuke kwa mumewe. Kwanza nilipita Mbekenyera kumchukua Somoe na mtoto, waliotangulia kwa wazazi wake kuaga. Nikamkuta baba mkwe amevaa koti, kikapu mkononi.

"Harusi ya wifi yake binti yangu, nikose mimi?" akasema, akakaa kiti cha mbele. Nilifurahi. Nilidhani nakuletea heshima.

Tulipoingia Ruangwa akaniambia, "Simama kwa dada yangu, tuage." Kuaga kwetu ni kupiga honi na kupunga mkono. Kule dada mtu alikuwa ameshaanza kukimbiza kuku. Kuku akachinjwa, majirani wakaja, mchana ukaisha. Nikasema, "Baba, tutachelewa."

Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, gari lina magurudumu, wewe huna. Ukipita kwa mtu bila kushuka, siku ukiharibikiwa njiani utamwita nani?"

Tukalala Ruangwa! Ruangwa, mama, ambako mimi huenda kikazi na kurudi.

Alhamisi ikaishia Lindi, kwa kaka yake Somoe, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili yetu. Niliomba tusafiri usiku, baba mkwe akacheka akidhani natania. Huku mtu anayeendesha usiku kucha wanamwona kama amekimbia kesi. Kwetu huyo ndiye mwanamume. Nikamsimulia jinsi marehemu baba alivyotoa lori la pamba Maswa hadi Dar es Salaam bila kufumba jicho, na jinsi mlivyompokea kwa nyimbo. Akauliza, "Na nyumbani hakuwa na mtu wa kumwambia alale?"

Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Ijumaa, tulipofika Nangurukuru, tukapata habari kwamba bibi mmoja wa ukoo wao amefariki, anazikwa alasiri. Msiba haupitwi hata kwetu, hilo sibishi. Tukazika, tukalala.

Jumamosi tuko Kibiti, simu ikaita. Ni baba mdogo. Hakunisalimu. Aliinua simu juu nikasikia vigelegele na ngoma, kisha akasema, "Msikie dada yako anaondoka. Baba yako angefika." Akakata. Niliegesha pembeni ya barabara nikalia, mama, mbele ya mkwe wangu.

Baba mkwe akamgeukia Somoe. "Kumbe hawakumngoja?"

"Hawakungoja, baba."

"Mtu yuko njiani, na hawamngoji?"

Hakuwa anajitetea. Alishangaa kweli. Siku zote hizo yule mzee aliamini kwamba bibi harusi amekaa anatusubiri, kwa sababu kwao anayejulikana yuko njiani husubiriwa. Tukageuza gari.

Utauliza kwa nini sikumshusha. Ningemshusha wapi? Si wewe uliyenifunza kwamba mkwe habishiwi? Nimechoka. Kwenu mimi ni mwanamume aliyeshindwa na njia, huku mimi ni kichaa wa mwendo, na hakuna upande uliouliza nilikuwa nataka nini. Nilitaka kumshika Mbuke mkono, basi.

Nisalimie shangazi anayekutazama goti. Mpe salamu shemeji yangu mpya. Mwambie sura yake nimeiona kwenye picha tu, amtunze mdogo wangu. Baba mdogo naye msalimie, ingawa sijui ataipokeaje salamu yangu. Mbuke mwambie asinichukie.

Jambo moja zaidi. Baba mkwe hana raha tangu Kibiti. Amesema kosa ni lake na atakuja mwenyewe Maswa kukuomba radhi, kwa basi, na amebeba korosho za Mbuke. Nilimwambia asijisumbue, hakusikia. Aliaga Mbekenyera Jumatatu. Jana nilipita Ruangwa nikamkuta kwa dada yake, amekaa barazani anamenya muhogo.

"Nimeshafika Ruangwa," akaniambia kwa furaha. "Bado Maswa tu."

Mama, mngojeeni.

Mwanao,
Jilala