Mtoto wa Jicho Katoka, Uchungu Umebaki

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe pamoja na shemeji, maana najua maneno haya yatapita kwanza machoni mwake ndipo yafike masikioni mwako. Shikamooni nyote wawili. Magoti yako yanaendeleaje? Na kile kikohozi cha shemeji, kimeondoka au ameshakizoea kama mpangaji? Watoto wa nyumbani nao, je, wanakutii au wanajifanya hawakusikii? Ningependa kuandika kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu tu. Lakini safari hii, dada, hofu iko huku huku.

Ujumbe wako niliupata. Umeniambia hospitali ya huko imekupa nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza na la pili baadaye, nawe umewajibu wasubiri. Umesema mimi mdogo wako nilitangulia, kwa hiyo utangoja kwanza jicho langu lipoe, ndipo nawe ukapande kile kitanda. Tena umesema sasa humtambui mtu mpaka afungue kinywa, na kwamba juzi ulimkuta mleta gesi mlangoni ukadhani ni shemeji, ukamgombeza kwa kuchelewa na kumwamuru avue viatu, naye maskini akavua. Nilicheka peke yangu hapa sebuleni. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliona kwamba unaningoja mimi, na mimi si mtu wa kungojwa.

Ningekupigia simu, ila nikisikia sauti yako huwa nageuka mtoto, na tena mwenzangu hukaa karibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimeandika kwa herufi kubwa ili nami nizione. Naandika kidogo, nafumba, naandika tena.

Unakumbuka kazi yangu pale hotelini, chumba cha kupiga pasi. Nilikuwa nanyoosha mashuka na kuyakagua, lenye doa nalirudisha kwa wafuaji. Kabla ya upasuaji nilikuwa nayarudisha mengi kweli kweli. Niliwaambia wafuaji kwamba wanapunja sabuni, mashuka yamekuwa rangi ya chai. Wao waliyafua upya huku wakinisengenya, na haki yao. Nilipoondolewa bandeji nikarudi kazini, nilifumba jicho moja nikafumbua jingine, nikabaki kinywa wazi. Kwa jicho la kushoto, lililopasuliwa, shuka lilikuwa jeupe hata linaelekea buluu. Kwa la kulia, shuka lile lile lilikuwa chai tupu. Uchafu ulikuwa kwangu miaka yote hiyo! Nikaenda kuwaomba radhi wafuaji, wakacheka mpaka wakakaa chini. Walinipongeza kwa kujifungua salama, na mmoja akauliza huyo mtoto wa jicho alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamjibu sikumwona, daktari aliondoka naye. Siku hiyo nilikuwa na furaha, dada, nami sitaki uisahau, kwa sababu yanayofuata hayana furaha.

Mtoto alitoka lakini uchungu haukutoka. Mwanzoni daktari alisema nitahisi kama kuna chembe ya mchanga jichoni, nisiisugue, itaisha yenyewe. Nikavumilia. Wiki zikapita, chembe ikawa konzi nzima ya mchanga. Nikiamka kope zimegandana, nazifungua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Ikifika adhuhuri linachoma, jioni linabana kama mtu analikamua kwa nyuma. Taa za barabarani zimeota ndevu. Mchana natembea na miwani ya jua, na kofia juu yake, watoto wa jirani wananiita mwanamuziki. Kuona naona, siwezi kusema uongo. Nasoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa. Ila kila ninachokiona nakilipia kwa maumivu.

Nilirudi kwa daktari mara nyingi hata mlinzi wa mlangoni akanizoea. Daktari aliliangalia kwa mashine yake akasema jicho ni zuri, lenzi imekaa sawasawa, kidonda kimefunga, tatizo ni kwamba jicho ni kavu. Nikamuuliza jicho hili linalonilowesha kola kutwa nzima ndilo analoliita kavu? Akanieleza kwa upole kwamba jicho likikauka hutoa machozi ovyo, machozi yasiyo na kazi. Akaniandikia dawa ya matone, akasema kwa watu wachache hali hii hukawia, na kwa wengine haiondoki kabisa, mtu hujifunza kuishi nayo. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimeingia na maumivu ya muda, nikatoka na maumivu ya maisha.

Kazini, mvuke wa pasi haukunihurumia. Kila nikiinua pasi, mvuke unanipiga usoni, na ule weupe wa mashuka ambao kwanza nilifurahia ukawa unanichoma kama jua. Msimamizi wetu tunamwita Bi Mkunjo, kwa sababu hulala na kuamka na mikunjo ya mashuka. Si mtu mbaya. Alinivumilia, akaniletea hata feni yake. Lakini mgeni mmoja alipolalamika kwamba foronya yake ilikuwa na majimaji, na majimaji yenyewe yalikuwa machozi yangu, Bi Mkunjo aliniita pembeni akaniambia nitahamia stoo ya nyuma kukunja taulo. Stoo haina dirisha. Alisema ni kwa ajili ya jicho langu, giza litalipumzisha. Nilimshukuru, nikaenda kukunja taulo, nikalia, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa machozi yangu yote yalishahesabiwa kuwa ya jicho.

Jambo nililojifunza ni kwamba pole nayo ina mwisho. Mwezi wa kwanza kila mtu alinipa pole. Baadaye wakaniuliza kama bado tu. Baadaye wakaacha kuuliza. Mwenzangu alikuwa akinitia matone asubuhi na jioni, akinishika kidevu kama ananinyoa ndevu, na tulicheka. Siku hizi najitia mwenyewe. Nikisema linauma, anajibu kwamba ndiyo yale yale, kisha anaongeza sauti ya televisheni. Simlaumu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti akiwa anaongea kila siku, hata waombolezaji watamwambia anyamaze. Wafuaji nao wananiambia nijikaze kisabuni. Nimejikaza, dada, mpaka sabuni imekwisha.

Nilikata tamaa. Nakuandikia neno hili lilivyo, silipambi. Kuna siku nilitamani wanirudishie mtoto wangu wa jicho, niishi na mashuka yangu ya rangi ya chai na watu nisiowatambua, ila nisisikie maumivu yoyote.

Ndiyo maana, siku yangu ya kupasuliwa jicho la kulia ilipofika, sikwenda. Niliaga nyumbani, nikazunguka sokoni, nikarudi nikasema hospitali imeahirisha. Waliponipangia siku nyingine nikafanya vile vile. Nilikuwa nawaza maumivu haya mara mbili, kushoto na kulia, nisipate hata upande wa kulalia. Nikajiambia la kulia acha lizeeke na mtoto wake, kwani linaniuma? Na wewe hapo ulipo, najua ndivyo unavyowaza.

Sasa shemeji, hapa nazungumza na wewe. Nakufahamu. Ukisoma barua huwa unaruka habari mbaya, unakohoa, kisha unaendelea na salamu. Hata msiba wa shangazi uliuruka, dada akaja kuusikia kwa majirani. Nakuomba safari hii usikohoe. Msomee kila neno, na akikwambia rudia, rudia.

Dada, jicho langu la kulia limekufa.

Lilianza kuuma kidogo, kichwa upande ule kikawa kizito. Likawa jekundu. Mimi nilishazoea macho yanayouma na mekundu, hata sikushangaa. Niliwaambia kazini, wakasema pole bila kuinua uso. Nilimwambia mwenzangu, akasema ndiyo yale yale. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo. Nililitia matone ya lile la kushoto, nikafunga kichwa kitambaa, nikaenda kukunja taulo. Usiku ule nilitapika, nikadhani ni chakula. Kumbe jicho lilikuwa linapiga kelele likiomba msaada, na mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba hakuna anayenisikiliza, sikulisikiliza. Nilikuwa nimelalamikia jicho zima kwa muda mrefu mno hata jicho bovu lilipolalamika halikupata wa kuliamini.

Baada ya siku kadhaa nilikuwa natia matone kwenye la kushoto, nimelifumba, nikamwambia mwenzangu awashe taa. Aliniambia ni asubuhi, dirisha liko wazi. Nikacheka, nikasema nilikuwa natania. Nikatoa kitambaa, nikajifanya natafuta viatu. Nilifumba la kushoto tena nikatazama dirishani kwa la kulia. Sikuona giza wala mwanga, dada. Sikuona kitu chochote.

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Alilipima presha, kisha akalipima tena. Aliniambia mtoto wa jicho akiachwa akapevuka kupita kiasi, huvimba na kuziba njia ya maji ya ndani, presha ya jicho ikapanda ikaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukishakufa haufufuki. Akaniuliza kwa nini sikuja siku lilipoanza kuuma, kwani siku ile pengine wangeliokoa. Nikamwambia nilidhani ni maumivu yangu ya kawaida. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Amenipa dawa ya kushusha presha, na sasa la kulia haliumi hata kidogo. Limetulia tuli. Linaloniuma ni hili linaloona. Nikichoka na maumivu nikataka kulifumba lipumzike, dunia nzima inazimika, kwa hiyo nalifumbua tena liendelee kuniuma. Hayo ndiyo maisha yangu. Nimehamisha kiti changu mezani ili kila mtu awe upande wangu wa kushoto. Nikimimina maji, naweka kidole ukingoni mwa kikombe. Ngazi nashuka nikihesabu kwa mguu.

Najua unajiuliza ukapasuliwe au usipasuliwe. Jibu langu ni kwamba nenda. Nenda kabla barua hii haijakunjwa, mwambie shemeji awapigie simu leo. Siwezi kukuahidi kwamba haitauma. Wengi haiwaumi; jirani yangu wa juu alipasuliwa na baada ya muda mfupi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano akiimba. Pengine utakuwa kama yeye. Pengine utakuwa kama mimi, utatembea na kofia na watoto watakuita mwanamuziki. Hata ukiwa kama mimi, nenda. Ningepata jicho langu la kulia tena, lenye mtoto wake, ningelipeleka kwa magoti. Na baada ya hapo, jicho lolote likikuuma kwa namna usiyoizoea, nenda hospitali siku ile ile, na asiwepo mtu wa kukuambia ni yale yale. Hata shemeji. Hata wewe mwenyewe.

Usiningoje nipone. Mimi sitapona, dada, na ukiningoja utafika nilipo.

Nisalimie watoto wote, wakubwa kwa wadogo, na yule mleta gesi umwombe radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Mwambie jirani yako wa mlango wa pili kwamba mfuko alionitumia ulifika. Shemeji, ahsante kwa kusoma mpaka hapa, najua koo linakuwasha.

La mwisho ni ombi. Huku hakuna anayejua ila daktari. Mwenzangu anadhani nilikwenda kuchukua matone, na sijapata ujasiri wa kumwambia, kwa sababu nitakapomwambia atakumbuka maneno aliyonijibu siku ile, na atayakumbuka mpaka kufa. Kwa hiyo ukinipigia simu, dada, tafadhali niulize habari za jicho la kushoto tu. Nitakujibu kwa sauti kwamba bado linauma, naye ataendelea kutazama televisheni.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa nyumba yetu.