Matanga ya Wana wa Adamu

Mgori, Singida
Septemba 23, 1945

Kwa Kaka yangu mpendwa Isaka,

Shikamoo, Kaka. Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa najua ukifika hapa utacheka na kusema huyu mtoto adabu ameanza lini. U hali gani huko jeshini Seloni? Mguu umepona, au bado unachechemea kama yule beberu wetu aliyeangukiwa na jiwe? Sisi huku hatujambo. Baba mzima, Mama mzima, ng'ombe wazima, nami ni mzima kupita wote. Nimerefuka. Ukirudi jiandae kunitazama kwa kuinua shingo.

Kabla sijaendelea, namwamkia pia yule bwana mwenye mkasi anayesoma barua za askari kabla ya wenyewe. Shikamoo, Bwana. Humu hamna siri ya vita, na vita vyenyewe vimekwisha. Kuna habari za mama yetu tu, tafadhali usimkate.

Nakuandikia, Kaka, kwa sababu habari hii itakufikia kwa midomo ya watu, nayo itakuwa imeshaota mapembe. Watakuambia mama yako alikataa kupiga vigelegele vya kukurudisha. Watasema alionywa mbele ya Mgori nzima kwamba asipopiga utapandishwa meli ya mwisho kabisa, na bado akafunga mdomo. Ni kweli. Lakini wao walikuwa watazamaji tu. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, tena mimi ndiye niliyeianzisha. Kaa vizuri nikueleze.

Jumbe wetu Bonaventura alitangaza kwamba kutakuwa na Sikukuu ya Amani, na Bwana Shauri mwenyewe atatoka bomani Singida kuja kutuambia vita vimekwisha. Kama vile hatujui! Tukafyeka njia, tukafagia uwanja mpaka mchanga ukaona haya. Sukari ililetwa kutoka duka la Valimohamed kule mjini, chai ikachemshwa kwenye pipa. Watoto waliozaliwa wakati wa vita walikuwa hawajawahi kuionja sukari, wengine wakaitema wakidhani ni dawa ya minyoo. Ng'ombe naye akachinjwa. Tangu uondoke serikali imekuwa ikizoa ng'ombe wetu kwenda kulisha vita, basi huyu mmoja tulifurahi kumla wenyewe, ingawa alikuwa na umri sawa na Jumbe na nyama yake ngumu kama maneno ya huyo Jumbe.

Sasa sikukuu haina mwanzo bila vigelegele, na Mgori hii ni nani anayevipiga kama Mama? Unakumbuka, Kaka. Unakumbuka tulivyokuwa tukichunga mbuzi kule kando ya msitu, wewe, mimi na Simeoni, siku uwele umevunwa na majabali yamepata moto mpaka unatembea kwa visigino. Kigelegele cha Mama kikitoka huku nyumbani kilitufikia kule kule. Simeoni alikuwa akitia vidole viwili mdomoni, anajibu kwa mbinja, halafu anasema huyo ni Mama Isaka, pombe imeiva, twendeni tukalambe sufuria. Mnakimbia, mbuzi mnawaacha na Mungu wao. Mimi nilikuwa mdogo, nabaki nyuma nalia, wewe hugeuki hata kidogo, wewe na roho yako ya jiwe. Simeoni ndiye aliyekuwa akirudi kunibeba shingoni, akinitukana njia nzima kwamba nina uzito wa gunia la chumvi. Na ule mchezo wa kuteleza jabalini juu ya ngozi ya ng'ombe, mpaka kaptula zinatoboka na tunarudi nyumbani tukitembea kinyumenyume ili Baba asione! Nikipita pale jabalini siku hizi naona watoto wengine wanateleza, nawaambia hamjui kitu, walioteleza hapa waliondoka.

Tangu siku mlipopanda lori, wewe na Simeoni, Mama hajapiga kigelegele. Hata arusi ya binti wa shangazi alipiga makofi tu. Kwa hiyo Jumbe alikuja nyumbani mwenyewe. Akamwambia Mama kwamba Bwana Shauri akishatamka vita vimekwisha, yeye aanze, wanawake wengine wamfuate. Akaongeza, huku akijisafisha meno kwa kijiti, kwamba wenye mama wachangamfu hupanda meli ya kwanza, na wenye mama wanaonuna hungoja ya mwisho. Baba alimsihi Mama apige tu, koo halitozwi kodi. Mama alijibu kwamba amesikia. Unamjua Mama, kusikia kwake si kukubali.

Siku yenyewe ikafika. Karani wa Jumbe, ambaye ndiye hutafsiri, alikuwa amevimba shavu kwa jino, hawezi hata kusema maji. Wakatafuta mtu mwenye Kiswahili safi. Kaka, nani mwingine? Mimi nina darasa la tatu kamili, na la nne sikushindwa, nililiacha kwa hiari yangu baada ya kutoelewana na mwalimu juu ya nani achote maji. Nilivaa lile koti lako ulilosema mtu asiliguse. Nililigusa. Limenikaa kuliko lilivyokukaa wewe, hata Dina mchumba wako alisema hivyo, usigombe.

Bwana Shauri ni kijana, mwekundu, na Kiswahili chake ni cha mtu anayetafuna karanga za moto. Akasema, nami nikageuza kwa Kinyaturu, maneno yakawa yanateremka kama maji. Mjerumani amekwisha, nikasema amekwisha. Mjapani naye amekwisha, nikasema naye. Kisha akasema Mjapani alikwisha kwa bomu moja tu, na jina la bomu lile akalitaja kwa puani. Atombomu. Neno hilo sijalisikia tangu nizaliwe. Lakini mkalimani hasimami njiani kuuliza, atadharauliwa. Nililisikia Adamu, nikasema Adamu. Nikawatangazia watu wote wa Mgori kwamba vita vimemalizwa na bomu la Adamu.

Uwanja ulichafuka! Mzee Philipo, ambaye sikio lake moja halisikii na la pili halikubali, alisimama akauliza kumbe Adamu bado yu hai, na kama yu hai anawapigaje wanawe mwenyewe. Felista mfinyanzi akasema ndiye huyo huyo, alianza kwa kumsingizia mkewe, msitegemee angeishia pazuri. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Shauri aliniuliza wanacheka nini, nikamwambia wanaifurahia amani.

Hapo ndipo Mama aliposimama. Nikajua sasa vigelegele vinakuja, nikasogea kando kidogo ili visinipasue sikio. Yeye hakupiga. Aliniambia nimuulize yule bwana, bomu hilo liliangukia askari au nyumba. Nikauliza. Akasema liliangukia mji, na mji sasa haupo. Mama akataka kujua, mji mzima? Akajibu mji mzima, na baadaye mji wa pili kwa bomu la pili. Mama akasema muulize kama watoto walikuwamo. Kaka, yule kijana alitazama viatu vyake. Akasema walikuwamo watu wote ambao huwamo katika mji. Niligeuza hivyo hivyo, sikuongeza chumvi, na hapo hakucheka mtu, hata Felista.

Mama alisema, si kwa kelele, lakini walimsikia mpaka waliokuwa kwenye pipa la chai, kwamba sisi hapa jirani akiwa na maiti ndani hatutwangi hata mtama kwa kishindo, sembuse kupiga vigelegele. Na hao si majirani tu. Mwanangu ametuambia ni wana wa Adamu, na sisi wa Adamu vile vile, basi ni msiba wa ukoo. Msiba haujakaliwa matanga, mnanitaka nicheze kwa mguu gani?

Jumbe aliruka kama aliyekalia siafu. Alimkumbusha mbele ya wote juu ya meli ya mwisho, akasema mwanamke huyu hamtaki mwanawe. Baba aliinamisha kichwa. Kaka, nilimwona Mama akiitazama ile njia mliyoondokea. Aliitazama mpaka nikadhani amebadili moyo, na kusema kweli nilitaka abadili, maana nami nakutaka nyumbani, koti hili lina mwenyewe. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini mchangani, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani, akalia kilio cha matanga.

Alilia peke yake kidogo. Halafu kutoka mstari wa mbele ikatoka sauti nyingine, kali, ya kupasua, na alikuwa Yunisi, mama yake Simeoni, ambaye alikuwa amevalishwa shanga na kuketishwa pale na Jumbe. Alizikata zile shanga. Baada yake wakalia wanawake wote, na wazee wakavua kofia. Bwana Shauri aliniuliza kwa hofu hii ni nini tena. Nikamwambia: Bwana, sasa ndiyo wanaipokea amani. Sijui nilipata wapi maneno yale. Naye akavua kofia yake ya jua, akasimama kichwa wazi mpaka kilio kikaisha, na nadhani hakudanganyika. Jumbe alikuwa anatoka jasho, lakini kunisahihisha hakuthubutu, na sababu yake utaijua.

Siku ya pili mwalimu Andrea aliniita akanieleza kwamba si Adamu, ni atomiki, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, wazungu wamekipasua. Niliona haya nusu siku, na kwangu mimi nusu siku ni nyingi. Nikaenda kumwambia Mama alipokuwa anapepeta uwele, nikamwambia niliwadanganya watu bila kukusudia, Adamu hakuhusika. Hakuacha kupepeta. Aliniuliza, na waliochomwa, hao ni wana wa nani? Darasa la tatu halifiki huko.

Nilithubutu kumuuliza kama hafurahi kwamba vita vimekwisha na wewe utarudi. Akasema anafurahi mpaka anaogopa. Akasema furaha hiyo ameletewa mlangoni ikiwa bado ina damu ya mtoto wa mwenzake, na mwenzake huyo hakuulizwa kama anaitoa. Tena akasema wenye bomu la namna hiyo wakishalizoea, siku moja nao watauliza Mgori ni wapi.

Kaka, najua nimezunguka sana, kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Nimekuchekesha makusudi, nimeandika mistari mingi ili nichelewe kufika hapa. Simeoni hayupo. Alifia hospitali huko Bama mlikopelekwa kupigana, kabla vita havijaisha, kwa jeraha na homa. Najua ninyi mlitenganishwa ulipoumia mguu, na ninavyofikiri hakuna aliyekuambia.

Jumbe alipewa habari hiyo bomani siku chache kabla ya sikukuu. Akamwita Yunisi, akamwambia, halafu akamkataza kulia. Akasema Bwana Shauri anakuja kusherehekea, kilio kitatia mkosi, matanga yatakaliwa mgeni akishaondoka. Akampa shanga avae. Ndiyo maana uwanjani hakuthubutu kunisahihisha, angelazimika kumweleza Bwana Shauri kwamba alimkataza mfiwa kulia. Yunisi alimwambia Mama peke yake, kwenye jiwe la kusagia, kwa mnong'ono, huku wanasaga ili mtu asisikie. Kwa hiyo Mama alikwenda uwanjani akijua, hajui tu aufungue mlango wa kilio kwa ufunguo gani. Mimi nikaropoka Adamu, nikampa. Nilimuuliza siku ile walikuwa wanamlilia nani, Simeoni au watu wa Japani. Alisema ukishaanza kulia hugawi machozi mafungu. Nami nimelia, Kaka, kule jabalini, lakini Dina usimwambie.

Mwalimu Andrea anasema Jumbe hana meli hata ya udongo, vitisho vyake ni upepo. Mama hana hakika. Kila lori likinguruma anaacha kazi mkononi. Lakini amesema nikuandikie kwamba kama ni meli ya mwisho, atangoja ya mwisho. Na amesema siku utakayofika usije nyumbani kwanza. Upite kwa Yunisi, ukae naye chini, umweleze yote unayoyajua ya mwanawe, alikula nini, alicheka na nani. Mama atakuwa huko. Usishangae ukiona njiani pako kimya bila vigelegele, hakuna aliyekuchukia.

Baba anakusalimu, anasema fahali mweusi ni wako. Dina anakusalimu sana, anauliza kama umefuga ndevu, mimi nimemjibu kwamba haziwezi kuota. Mzee Philipo anakusalimu kwa sikio lake zuri. Mama hana salamu za kuandikwa, ameweka tu kidole gumba chake hapo pembeni kwa masizi ya sufuria.

Na Mama Simeoni anakusalimu. Nilimpitia asubuhi kumwambia nakuandikia. Amesema nikuambie usione aibu kurudi peke yako.

Ndimi mdogo wako,
Ezekieli
Mkalimani wa Mgori